Amri Fupi, Ahadi Ndefu

Katika kila matangazo mubashara kuna sauti mbili zinazosema kwa jina la mwenyeji. Ya kwanza ni sauti yake mwenyewe, inayocheka, kukohoa, kusahau na kujirekebisha. Ya pili ni ya roboti iliyokaa ndani ya gumzo, pembeni ya picha, ikingoja mtazamaji aandike alama ya mshangao na neno moja: !ratiba, !sheria, !kitabu, !mchango. Neno likitokea, jibu linatoka papo hapo, kama lilivyoandikwa wiki iliyopita au mwaka juzi. Mtazamaji hajui nani aliliandika wala lini. Anachojua ni kwamba chaneli imesema.

Kwa muda sasa nimekuwa miongoni mwa wasimamizi wa gumzo la chaneli ndogo ya Kiswahili inayozungumzia vitabu na muziki. Watu hudhani kazi ya msimamizi ni kufukuza wakorofi. Kazi hiyo ipo, lakini huja kwa nadra. Kazi ya kila wiki ni kutunza orodha ya amri: kuongeza, kurekebisha, kufuta, kuamua nani aruhusiwe kutumia ipi na baada ya muda gani. Haina makofi. Hata hivyo, kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba humo ndimo tabia ya chaneli inamojulikana, kwa sababu kila amri ni ahadi. Mwenye chaneli anaahidi kwamba yeyote atakayeuliza jambo hili, wakati wowote, atapewa jibu la kweli. Ahadi inaandikwa mara moja, kisha inatekelezwa mara zisizohesabika, aliyeitoa akiwa ameshughulika na mambo mengine.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Aliyebeba habari mbaya alisalimika kwa kuwa maneno hayakuwa yake. Roboti ni mjumbe wa namna hiyo, tena aliyekamilika: hasahau, hachoki, haongezi chumvi, hapunguzi. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hautajwi sana. Mjumbe akisamehewa, lawama haipotei. Inarudi kwa aliyemtuma. Jibu la uongo likitoka kwenye roboti katikati ya usiku, hakuna wa kuulizwa isipokuwa sisi tulioliandika.

Mjumbe huyu hakuzaliwa na YouTube wala Twitch, mitandao inayobeba matangazo haya. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen, akiwa Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland, aliandika programu ya kuwawezesha watu wengi kuandikiana kwa pamoja katika chumba kimoja cha mtandaoni. Iliitwa IRC. Vyumba vilipopata wenyeji vikapata na wavamizi: waliokuwa na mamlaka ya chumba wakiondoka kwenda kulala, wengine waliingia na kukinyakua. Ndipo watu wakaanza kuandika roboti za kukesha. Eggdrop, iliyoandikwa na Robey Pointer mwaka 1993, ni mojawapo ya zile za mwanzo zilizosifika, na kazi yake ilikuwa kubaki macho chumbani wakati wenyewe hawapo. Twitch ilipofungua milango mwaka 2011, gumzo lake lilijengwa juu ya lugha ile ile ya IRC, na desturi za roboti zikahamia nalo, pamoja na ile ya kutanguliza alama ili roboti itenganishe amri na mazungumzo ya kawaida. Nightbot, Moobot, StreamElements na wenzao ni wajukuu wa walinzi hao wa zamani. Tumewapa maswali ya kujibu, lakini asili yao ni kukesha.

Kuwaelekeza ni rahisi mno. Kwenye Nightbot, msimamizi huandika ndani ya gumzo lenyewe !commands add, kisha jina la amri, kisha jibu. Basi, ahadi imeshawekwa. Hakuna anayekuuliza nani atalitunza jibu hilo, au litakoma lini kuwa kweli. Ukipenda, unaweza kupachika ndani ya jibu alama ambazo roboti huzijaza yenyewe: $(user) hugeuka jina la aliyeuliza, $(count) hugeuka idadi ya mara ambazo amri imeitwa, na $(time) ikifuatwa na jina la eneo hutaja saa ya huko. Kwa sababu ya wepesi huo, amri huzaliana. Mtu mmoja anauliza kipaza sauti cha mwenyeji ni cha aina gani, inaundwa !maiki. Mwingine anauliza wimbo wa kufungulia ni wa nani, inaundwa !wimbo. Baada ya mwaka chaneli ina amri nyingi kuliko maswali, na hakuna mtu mmoja anayezijua zote.

Chukua !ratiba. Hakuna amri inayoonekana nyepesi kuliko hii. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa angeandika bila kusita: Tunaanza kila Ijumaa saa 2 usiku. Ni kweli tupu. Lakini wasikilizaji wa Kiswahili hawakai katika mji mmoja. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi yuko saa moja nyuma yetu. Kwake ni saa moja usiku. Aliyeko Muscat yuko saa moja mbele. Kwake ni saa tatu. Aliyeko London, wakati wa baridi, anapaswa kuwa tayari saa kumi na moja jioni, na wakati wa kiangazi saa kumi na mbili. Kwa aliyeko Toronto ni saa sita mchana wakati wa baridi, saa saba wakati wa kiangazi. Sisi wa Afrika Mashariki hatusogezi saa zetu mwaka mzima, lakini Ulaya husogeza zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada husogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo jibu lililotaja saa za London linaweza kulala likiwa kweli na kuamka likiwa uongo, bila mkono wa mtu kuligusa.

Ugumu wa pili ni wetu wenyewe. Roboti ikijaza saa, huandika 8:00 PM au 20:00. Mswahili akiona tarakimu hizo kwenye simu husoma saa mbili bila kufikiri. Lakini mwandishi wa amri akizichukua hizo tarakimu na kuandika saa 8 usiku, msikilizaji wa Tanga ataelewa saa nane, mji mzima ukiwa umelala. Na kijana aliyekulia ughaibuni, akisoma saa 2 usiku, naye anaweza kuelewa vivyo hivyo, usiku wa manane, kwa sababu hesabu ya saa aliyoizoea shuleni inaanza mahali pengine. Sentensi moja yenye maneno machache inaweza kuwapoteza watu wawili kwa njia mbili tofauti.

Suluhisho letu halikuwa la kiufundi. Tuliandika saa kwa maneno, tukaweka tarakimu za saa ishirini na nne kando yake, tukataja wazi kwamba ni saa za Afrika Mashariki: Ijumaa saa mbili usiku, yaani 20:00 Nairobi na Dar. Kisha tukaweka amri ya pili, !sasa, inayotaja saa ilivyo Nairobi wakati huo huo, ili aliye mbali alinganishe na saa ya mkononi mwake. Saa za miji mingine tuliziondoa. Ni afadhali kumpa mtu jambo moja la hakika akokotoe mwenyewe kuliko kumpa matano ambayo mawili yataoza mara mbili kwa mwaka. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ninayoitetea: katika kila jibu, tenga kinachobadilika na kisichobadilika, na kile kinachobadilika usikiandike kama huna wa kukirudia.

Kanuni ya pili inahusu ufupi. Gumzo la YouTube huruhusu herufi 200 kwa ujumbe mmoja, nafasi zikihesabiwa. Twitch huruhusu 500. Sheria za chaneli nzima ziingie humo. Mwanzoni kipimo hicho huonekana kama adhabu, lakini kinafundisha. Kinamlazimisha mwandishi aulize: mgeni aliyeingia sasa hivi, asiyemjua yeyote, anahitaji nini hasa? Hahitaji historia ya chaneli wala vitisho. Anahitaji kujua yanayotarajiwa kwake na pa kukimbilia akikosewa. Karibu. Tuheshimiane. Matusi, ukabila na matangazo ya biashara havina nafasi hapa. Ukionywa, sikiliza. Ukikosewa, mwite msimamizi. Herufi zinabaki, na hakuna jambo la maana lililoachwa nje.

Kiswahili kinasaidia na kinatatiza. Kinasaidia kwa kuwa tendo, mtendaji na wakati vinaingia katika neno moja, na kwa kuwa hakimlazimishi mwandishi kubashiri kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Amefika inawatosha wote, roboti haiwezi kumkosea mtu hapo. Kinatatiza penye hesabu. Roboti ikijaza idadi baada ya neno lililoandikwa kwa wingi, siku ya kwanza itatangaza watu 1, na masikio yanaumia. Dawa ni kuipindua sentensi: Idadi ya waliofika: 1. Haina madaha, lakini haivunji lugha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona chaneli nyingi zenye wenyeji wanaosema Kiswahili kitamu, huku roboti zao zikisema Kiswahili kilichobanwa kutoka kwenye jibu la Kiingereza lililokuja na programu. Mtazamaji husikia vyote viwili kama sauti ya nyumba moja. Mwenyeji anayejali maneno yake mdomoni ayajali na pale anapomwachia mwingine ayaseme.

Baada ya maneno, huja swali la kunyamaza. Kila amri hupewa muda wa kupoa: ikishajibu, haijibu tena mpaka sekunde kadhaa zipite. Wengi huuacha muda huo kama walivyoukuta. Lakini huo ndio unaoamua kama gumzo ni la watu au la roboti. Katika chaneli yenye watazamaji wachache, sekunde 5 zinatosha. Siku ya mgeni mashuhuri, watu wanapomiminika, amri ile ile ikiitwa na kila anayeingia itajaza ukurasa mzima, na swali la kweli la mtu mmoja kuhusu kitabu litasukumwa juu lisionekane. Muda wa kupoa wa sekunde 30, au hata dakika nzima, si unyimi. Jibu lililotolewa sasa hivi bado linaonekana. Aliyechelewa analiona bila kuita.

Ndivyo ilivyo pia kwa ujumbe wa kujirudia, ule ambao roboti huutuma yenyewe kila baada ya dakika kadhaa bila kuulizwa. Mpango mzuri wa roboti huruhusu sharti: usiutume mpaka watu wawe wameandika mistari kadhaa tangu ulipotumwa mara ya mwisho. Sharti hilo ni dogo lakini lina adabu ndani yake. Bila hilo, katika usiku wenye watazamaji wachache, roboti hubaki ikisema peke yake, ikirudia kuomba watu wajisajili, wachangie, wasambaze, mbele ya watu watatu waliokuja kusikiliza shairi. Mwenyeji wa kweli hasemi hivyo kwa wageni watatu. Kama hutasema jambo hilo kwa mdomo wako kila baada ya dakika kumi, usimtume mjumbe akaliseme.

Wenye mitandao nao wanaujua uzito wa swali hili la kunyamaza. Twitch huruhusu akaunti ya kawaida kutuma ujumbe 20 tu katika sekunde 30. Mwenyeji na wasimamizi wake huruhusiwa 100. Ndiyo sababu roboti hupewa cheo cha usimamizi kabla ya kuanza kazi. Tunampa mjumbe cheo ili asikatwe kauli. Na hapo linazaliwa swali zito zaidi kuliko yote ya kiufundi: nani, kati yetu, anaruhusiwa kumtuma?

Roboti nyingi hupanga watu kwa ngazi: mwenye chaneli, wasimamizi, waliolipia usajili, wazoefu, na kila mtu. Amri yoyote inaweza kufungwa kwa ngazi mojawapo. Kuna mfano mashuhuri wa kinachotokea ngazi zikiondolewa. Tarehe 12 Februari 2014, mtayarishaji programu wa Australia ambaye hakutaka kutajwa alianzisha kwenye Twitch matangazo yaliyosoma gumzo na kugeuza kila neno lililokubalika kuwa kubonyezwa kwa kitufe katika mchezo wa Pokémon Red. Yeyote angeweza kuamuru: juu, chini, kushoto, kulia. Zaidi ya watu milioni 1.1 walishiriki. Mhusika wa mchezo alizunguka pale pale kwa saa nyingi, akigonga kuta, kwa sababu aliamriwa na wote kwa wakati mmoja. Baadaye ukaongezwa utaratibu wa kupiga kura, na watu wakagombana kama waupende au waukatae. Mchezo ulimalizika tarehe 1 Machi. Wengi huukumbuka kama kichekesho. Mimi naukumbuka kama darasa la utawala: umati unaweza kufika, lakini lazima kuwe na makubaliano kuhusu lini sauti ya kila mmoja inatosha na lini inahitaji kuungwa mkono na wengine.

Kwenye chaneli zetu ndogo, makubaliano hayo hujitokeza katika amri mbili. Ya kwanza ni ile ya kumtambulisha mgeni na kuwaelekeza watazamaji kwake. Ikiachwa wazi kwa kila mtu, yeyote ataitumia kujitangaza. Ya pili, iliyo nyeti kuliko zote, ni !mchango. Ndani yake kuna nambari ya simu ya kupokea pesa. Mtazamaji wa Kisumu au Morogoro anaiamini nambari hiyo kwa sababu imetoka kwenye chaneli anayoipenda. Haulizi zaidi, anatuma. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaenda kwa mtu asiyehusika. Tarakimu zote zikibadilishwa kwa hila na mtu aliyepewa usimamizi kirafiki, pesa inaenda kwa mwizi, na roboti itaendelea kuitangaza nambari hiyo kwa uaminifu ule ule. Kwa hiyo amri hiyo iwe mikononi mwa mwenye chaneli peke yake, ionwe kwa macho kabla ya kila matangazo, na iambatane na jina litakalotokea kwenye simu ya mchangiaji ili aweze kujihakikishia kabla ya kuthibitisha. Imani ya watu haipaswi kulindwa kwa uangalifu mdogo kuliko tunavyolinda kamera.

Upande wa ulinzi una mitego yake. Roboti hizi hupewa pia orodha ya maneno yasiyotakiwa, na mojawapo likionekana hufuta ujumbe au kumnyamazisha mwandishi. Orodha zinazokuja na programu hazikuandikwa na mtu aliyekulia kwenye Kiswahili. Matusi yetu huvaa viambishi mbele na nyuma, yakageuka sura mara nyingi. Orodha inayotaja sura moja huziacha nyingine zipite. Msimamizi akikasirika na kuamuru roboti ikamate mzizi popote ulipo, anaangukia shimo lingine. Kuna tusi la herufi nne ambalo herufi zake zimo, kwa mpangilio ule ule, ndani ya kumaliza na kumaanisha. Mtu akiandika kwamba amejitahidi kumaliza riwaya, ananyamazishwa. Lingine limo ndani ya jina la Makunduchi, mji wa kusini mwa Unguja wenye heshima zake, wanakosherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Mtu anaingia, anasalimu, anasema anatusikiliza kutoka kwao, na mlango unafungwa usoni pake. Hatajua kwa nini. Atajua tu kwamba alitaja kwao akafukuzwa.

Hakuna programu itakayotuondolea kazi hiyo. Inamtaka mtu anayekijua Kiswahili cha mtaani na cha vitabuni, aketi, aandike maneno kamili badala ya vipande, aorodheshe yanayosamehewa, kisha arudi kila mara kusoma waliofungiwa usiku uliopita ni kina nani na kwa nini. Siwalaumu wanaosema ulinzi ni lazima. Mwaka 2021, hasa mwezi Agosti, watangazaji wengi kwenye Twitch, weusi na wa makundi mengine yanayobaguliwa, walivamiwa na makundi ya akaunti za roboti zilizomwaga matusi kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifuta. Tarehe 1 Septemba mwaka huo wengi wao walizima matangazo yao kwa siku nzima ili kupinga. Chaneli nyingi zilijifunza kuwa na amri moja ya dharura, inayofunga gumzo kwa wasio wafuasi kwa pigo moja. Ni amri njema, na kila chaneli iwe nayo. Lakini ifunguliwe tena upesi baada ya hatari kupita, na mtu mwenyewe awaambie wageni kilichotokea.

Nimefika mahali ninapoona kwamba swali kubwa kuliko yote katika kazi hii ni lile la mambo ambayo hayapaswi kabisa kuwa amri. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwanasayansi wa kompyuta wa chuo cha MIT, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyojibu maneno ya watu kwa kuyageuza kuwa maswali. Miaka kumi baadaye alisimulia jinsi katibu wake, aliyemwona akiiunda na kujua vizuri kwamba ni mashine tu, alivyoanza kuzungumza nayo na baada ya muda mfupi akamwomba yeye atoke chumbani. Binadamu akijibiwa, hufungua moyo. Hilo si kosa lake, ndivyo tulivyoumbwa. Kosa ni la anayejua kwamba hakuna mtu upande wa pili na bado akaacha mlango wazi.

Ndiyo sababu napinga salamu za roboti. Chaneli nyingi huiweka ijibu kila salamu ya anayeingia. Mtu akiandika Shikamoo, roboti inajibu Marahaba. Fikiria maana yake. Shikamoo ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, na kuipokea ni kukubali kwamba wewe ni mkubwa. Aliyeandika anaweza kuwa mzee wa miaka sabini aliyesalimu kwa unyenyekevu, au kijana aliyemkusudia mwenyeji au babu fulani aliyemwona kwenye gumzo. Roboti inaipokea heshima hiyo kutoka kwa wote kama vile imewazaa. Vivyo hivyo na pole. Mtazamaji akiandika kwamba amefiwa, jibu lililokwisha kuandikwa kabla msiba haujatokea si rambirambi. Bora dakika mbili za kimya mpaka msimamizi aone na kumwandikia kwa jina lake, kuliko neno la haraka lisilotoka kwa mtu.

Katika matangazo haya picha na sauti humfikia mtazamaji zikiwa zimechelewa kwa sekunde kadhaa. Mwenyeji akilijibu swali, muulizaji analisikia jibu baadaye kidogo. Roboti hujibu palepale. Wapo wanaodhani kazi yetu ni kuliziba pengo hilo kwa amri nyingi zaidi. Naona kinyume. Sekunde hizo za kungoja ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba upande wa pili yupo mtu aliyesoma, akafikiri, akajibu. Tuiachie roboti yale ambayo jibu lake halitegemei nani anauliza: saa, jina la kitabu, kiungo, sheria. Yale ambayo jibu lake linategemea nani anauliza, tuyajibu wenyewe, hata tukichelewa.

Kutoka hapo, utunzaji wa orodha unakuwa kazi inayojulikana. Kila amri iwe na mtu wake, mwenye jukumu la kujua kama bado ni ya kweli. Amri mbili zisijibu jambo moja. Na roboti mbili zisiwekwe kwenye gumzo moja zikiitikia alama ile ile, maana fahari wawili hawakai zizi moja, na mtazamaji atajibiwa mara mbili kwa majibu yasiyolingana. Majina ya amri yawe maneno ambayo mgeni angeyabuni mwenyewe bila kufundishwa. Na kabla ya kuongeza mpya, itafutwe ya zamani ya kufuta. Kufuta ndiko kugumu, kwa kuwa kila amri ina kumbukumbu ya aliyeiomba: utani wa usiku fulani, jina la msikilizaji aliyekuwa nasi akahama. Lakini orodha si makumbusho. Aliyeingia leo hana deni kwa utani wa mwaka juzi, na jibu lisilo na wa kulielewa linamwambia kwamba amekuja kwenye nyumba ya wengine.

Kwa hiyo, msomaji mwenye chaneli, au unayemsaidia rafiki kuendesha yake: usingoje matangazo yajayo. Fungua orodha ya amri zako leo, isome yote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kana kwamba wewe ni mgeni kutoka mbali, na kila unapokuta jibu ambalo usingethubutu kulitamka kwa mdomo wako mwenyewe, lifute.